Kitenge wa Mikindani: kisa cha paka mwenye figo zilizochoka

Mgonjwa ni paka jike wa rangi tatu, jina lake Kitenge, amefungwa kizazi, umri wake unakadiriwa kuwa miaka 12. Kwao ni Mikindani, kilometa kumi hivi kutoka Mtwara mjini, kwa Bibi mmoja mwalimu mstaafu anayeishi na mjukuu wake wa kiume aliyemaliza kidato cha sita. Mjomba wa kijana huyo yuko Dar es Salaam, naye ndiye mtuma pesa. Nawataja wote watatu mapema kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa paka, ila uamuzi ulikuwa wa watu hawa, na kila mmoja alikuwa akimwona Kitenge wake.

Aliletwa kwenye kliniki yangu ya mifugo mwezi Julai akiwa ndani ya kapu la ukili lililofunikwa khanga. Maelezo yalikuwa ya kawaida: amekonda, chakula anakinusa na kukiacha, asubuhi anatapika povu. Jirani alikwisha toa hukumu kwamba paka amekula salfa, maana ndio msimu wa kupulizia mikorosho na unga wake umetanda kila mahali. Salfa ile inawasha macho na kumkera mtu kifua, lakini haikondeshi paka kwa miezi mingi.

Kilichonifungua macho ni jambo ambalo Bibi alilisema pembeni, karibu kwa kujitetea. "Siku hizi ananiwahi kwenye maji ya udhu." Kila alfajiri, kabla Bibi hajakunja mikono ya gauni, Kitenge alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye kopo. Bibi hakumfukuza wala hakuyamwaga maji, kwa sababu anaijua hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo chake cha udhu anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi. Sawa kabisa. Ila kwangu mimi habari ile ilikuwa nusu ya vipimo. Paka hana kawaida ya kufuata maji. Asili yake ni ya nchi kame, na anayekula samaki wabichi hupata maji mengi humo humo. Paka mzee akianza kuandama ndoo, makopo na matone ya bomba, nafikiria figo kwanza, halafu kisukari, halafu tezi ya shingoni iliyozidisha kazi.

Nikampima. Mizani ilisoma kilo 2.6. Kwenye kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, miaka mitatu nyuma, alikuwa na kilo 3.8, kwa hiyo karibu theluthi ya mwili wake ilikuwa imekwenda na hakuna aliyeiona ikiondoka, maana manyoya huficha. Joto lilikuwa 37.2, chini kidogo ya kawaida ya paka. Ngozi ya mgongoni ukiivuta ilichelewa kurudi. Ufizi ulikuwa mkavu na mweupe kuliko unavyotakiwa. Pembeni mwa ulimi kulikuwa na vidonda viwili, na pumzi yake ilinuka mkojo. Figo nilizipapasa zote mbili kwa vidole kupitia tumbo lile jembamba, nikazikuta ndogo, ngumu, zenye mabonde.

Kabla ya kwenda mbele, nieleze kidonge ambacho hakikumezwa. Kijana alinionyesha nusu ya kidonge cha parasetamo ndani ya karatasi. Alipewa dukani "amtulize maumivu", akasita, akaamua kuniuliza kwanza. Kusita kule kulimwokoa paka wake. Ini la paka halina uwezo tulio nao sisi wa kuivunja parasetamo, na kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua: damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso na nyayo zinavimba. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zinamaliza figo, hasa figo zilizokwisha choka. Maduka yetu ya dawa yana watu wema wanaotaka kusaidia, lakini paka si mtoto mchanga mwenye mkia. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu kwa kukadiria uzito.

Vipimo

Watu wa mikoa mingine hudhani huku kusini hakuna kinachopimika. Kliniki yangu ni ya mbuzi, kuku na mbwa wa ulinzi, na rafu zake zimejaa chanjo za kideri na dawa za minyoo. Hata hivyo kipimo cha kreatinini, taka ya damu ambayo figo hutakiwa kuichuja, hakijui kama damu ni ya mwalimu au ya paka wake, na maabara moja ya watu mjini ilikubali kukifanya pamoja na potasiamu. Mashine yao ya kuhesabu chembe za damu sikuitaka. Imepangwa kwa ukubwa wa chembe za binadamu, na kwa paka, ambaye chembe zake nyekundu ni ndogo na vigandisha damu vyake ni vikubwa, huvichanganya viwili hivyo. Wingi wa chembe nyekundu niliupima mwenyewe kwa kuzungusha damu kwenye kijibomba cha kioo na kusoma kimo chake kwa rula. Mkojo niliuwekea refraktometa, kifaa kinachoonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji.

Kreatinini ilikuja 610, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Potasiamu 3.0, imeshuka. Chembe nyekundu asilimia 27, unaweza kusema ni afadhali. Mkojo ulikuwa mwepesi, 1.012, wakati paka aliyekaukiwa maji namna ile alitakiwa atoe mkojo mzito uliopita 1.035. Namba hiyo ya mkojo ndiyo iliyonisikitisha kuliko zote. Mwili ulikuwa unalia kwa kiu, na figo zinayaachia maji yaende.

Hapa wengi hukosea, waganga na wenye wanyama sawa. Ukisoma 610 ukaishia hapo, utasema ugonjwa umefika hatua ya nne, ya mwisho, kwa kuwa mgawanyo unaotumiwa na wataalamu wa figo za wanyama duniani, IRIS, unaweka hatua ya tatu kati ya 251 na 440, na ya nne juu ya hapo. Lakini mgawanyo huo ni wa paka aliyekwisha rudishiwa maji na kutulia. Paka mkavu anajazia kreatinini yake mwenyewe, kwa sababu damu inayofika kwenye figo imepungua. Sehemu ya ile 610 ilikuwa ugonjwa, na sehemu nyingine ilikuwa kiu tu. Kiasi gani ni kipi, hakuna kitabu kitakachokuambia. Dripu ndiyo itakayosema.

Kwa hiyo makubaliano ya kwanza yalikuwa madogo: siku tatu za dripu ya mshipani, kisha tupime tena. Hatukukubaliana kumtibu Kitenge, wala hatukukubaliana kumwacha. Tulikubaliana kujua.

Nilimkadiria upungufu wa maji wa asilimia 8, ambao kwa kilo 2.6 ni kama mililita 210, nikaongeza mililita 150 hivi za matumizi ya siku. Pampu sina. Nilitumia mpira wa dripu wa watoto wachanga, ule ambao matone 60 ni mililita moja, nikaupanga matone 15 kwa dakika, na kijana akakaa kwenye stuli akiyahesabu na kuhesabu pumzi. Paka aliyelala akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika wakati wa dripu, funga kwanza, uliza baadaye, maana moyo unaweza kuwa unazidiwa. Kwa kichefuchefu alipata ondansetroni.

Siku tatu zilipokwisha kreatinini ilikuwa 390. Kichefuchefu kilitulia na akala kipande cha kibua mkononi mwa Bibi. Chembe nyekundu, kinyume chake, zilishuka hadi asilimia 20. Bibi aliogopa kwamba dripu imemharibu damu. Hapana. Upungufu wa damu ulikuwepo tangu mwanzo, ila damu ilikuwa nzito kwa kukosa maji na ikauficha. Figo ndizo zinazoutuma uboho utengeneze damu, na figo zikichoka, amri hiyo hupungua.

Sasa tulikuwa na jibu: ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu iliyo karibu na mpaka wa nne, pamoja na upungufu wa damu.

Njia zilizokuwepo

Mjomba alipiga simu ya video jioni ile ile. Hoja yake ilikuwa moja: aletwe Dar, au apelekwe hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, pesa si tatizo. Nilimheshimu kwa hilo. Watu wengi wangecheka kusikia mtu mzima anataka kumsafirisha paka kilometa 560 mpaka Dar, kisha aendelee Morogoro. Swali langu kwake lilikuwa, tukifika huko tutajua nini kitakachobadilisha tunachofanya hapa? Wangempiga picha ya mawimbi ya sauti na kuona figo zilizosinyaa, ambazo nilikwisha zipapasa. Wangempima shinikizo la damu, na hilo ningelipenda sana, kwa sababu paka wa figo huweza kupofuka ghafla shinikizo likipanda na mimi sina kifaa cha mguu mdogo namna ile. Wangeweza kumpa homoni ya kutengeneza damu. Kupandikiza figo hufanywa katika hospitali chache za vyuo vikuu Marekani, kwa hiyo hilo tuliliweka kando bila mjadala.

Upande wa pili wa mizani kulikuwa na siku nzima ya basi ndani ya kasha kwa mnyama ambaye hajawahi kutoka Mikindani isipokuwa kwa kapu, anayeacha kula akisikia sauti ngeni, na ambaye kila saa bila maji inamrudisha kwenye ile 610. Angekuwa na umri wa miaka minne na figo zimeumia ghafla kwa sumu, ningemwambia kijana akate tiketi usiku ule ule, kwa sababu figo zilizoumia ghafla zinaweza kupona. Zilizokufa kidogo kidogo kwa miaka hazioti tena. Mtu anayekuambia kuwa rufaa ni bora siku zote anafikiria vifaa, hafikirii mgonjwa.

Bibi yeye aliuliza neno moja: "Atapona?"

Hatapona, nikamwambia, na sikulizungusha. Nikaona mabega yake yanashuka na kijana anageuka kuangalia dirishani. Ni hapa ambapo mazungumzo mengi ya namna hii huharibika, kwa sababu daktari akishasema "hatapona", yanabaki mambo mawili mezani: kupambana mpaka mwisho au kumpumzisha leo. Mimi siyapendi mambo mawili hayo yakiwa peke yake. Humfanya mwenye paka achague kati ya kuonekana mkatili na kuonekana mjinga. Nilichopendekeza ni tiba yenye tarehe na yenye mlango wa kutokea, mlango uchorwe sasa, wakati paka ana nafuu na akili zetu zimetulia. Ukiusubiri uchorwe siku ya kilio hautachorwa. Kila mtu atasema "tumpe siku moja zaidi", na siku moja zaidi haina mwisho.

Kwa hiyo tulikaa barazani kwa Bibi tukaandika. Niliwauliza Kitenge ni nani akiwa mzima, yaani anafanya nini ambacho akiacha mtajua si yeye. Kijana akasema anapanda kwenye kiti cha Bibi kila Bibi akiinuka. Bibi akasema anajilamba baada ya kula, hata kama ni tonge moja, na hajawahi kukojoa ndani. Nikaongeza la nne: anakula mwenyewe bila kushikwa kichwa. Mambo hayo manne yakaenda kwenye kalenda ya ukutani iliyotolewa na chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kila jioni mstari mmoja, alama ya vema au mkato. Kuna mizani inayofahamika kwa madaktari wa wanyama, aliyoiunda daktari wa Marekani Alice Villalobos, ya mambo saba yanayopewa alama mpaka kumi, na jumla ikizidi 35 maisha huhesabiwa yanavumilika. Naitumia kichwani mwangu. Kwa Bibi, mambo manne tuliyoyataja pale barazani yalikuwa na nguvu zaidi.

Mlango wa kutokea ulikuwa huu: mikato mitatu au minne kwa siku, siku tatu mfululizo, licha ya dripu, au uzito chini ya kilo 2.2; au Kitenge kuanza kumkimbia kijana. Hili la mwisho Bibi alilishangaa. Nikamweleza kwamba paka haelewi kuwa sindano ya leo ni nafuu ya kesho. Kama gharama ya kumweka hai ni kumfanya amwogope mtu anayelala naye kitanda kimoja, gharama hiyo anailipa yeye, na hana namna ya kutuambia imezidi.

Nyumbani

Kijana alijifunza haraka. Mfuko wa dripu uliningʼinizwa kwenye msumari wa mlango wa chumba, ukiwa umekwisha lowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya baridi chini ya ngozi humfanya paka aruke. Unainua ngozi iliyolegea kati ya mabega mpaka inafanya hema dogo, sindano inaingia ubavuni mwa hema, sambamba na mgongo, na mililita 100 zinashuka kwa dakika chache. Anabaki na kibiongo cha maji ambacho hutelemka taratibu kuelekea mguu mmoja na kwisha kufikia kesho. Sindano mpya kila mara. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mfuko wenyewe ni ule wa RL (Ringer's lactate, maji yenye chumvichumvi) ambao wodi zetu huwawekea wagonjwa wa kuharisha, na bei yake haifikii kilo ya samaki changu.

Dawa ya hamu ya kula, mirtazapini, ni ya binadamu na ilitoka Dar kwa kifurushi cha basi. Kidonge cha miligramu 15 kinakatwa kwa wembe vipande vinane, na kipande kimoja hutolewa kila baada ya siku mbili kwa paka wa figo. (Anayetegemea vifurushi vya basi aweke akiba. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, kuna wagonjwa wa kila aina waliosubiri.) Potasiamu alipewa ya kunywa. Jirani alileta madafu, akisema yana potasiamu, na ana haki. Tatizo la dafu ni kwamba huwezi kujua kipimo unachompa, na siku figo zikielekea kufunga mkojo, potasiamu ile ile hupanda na kusimamisha moyo. Madafu tuliyanywa sisi.

Mgogoro mkubwa ulikuwa dagaa. Bibi kwa miaka yote alimpa Kitenge dagaa wakavu na miiba yao, na kwa paka wa figo huo ni mfuko wa fosforasi. Fosforasi ikijaa kwenye damu huharakisha kuharibika kwa figo, na chakula chenye fosforasi ndogo ni miongoni mwa mambo machache yaliyothibitika kurefusha maisha ya paka hawa. Chakula maalumu cha makopo hakipo Mtwara. Lakini paka asiyekula siku kadhaa hujaza mafuta kwenye ini, na hilo linaua kabla ya figo. Kwa hiyo msimamo wangu ulikuwa: wiki ya kwanza ale chochote, hata dagaa, mradi ale. Kisha dagaa wapungue, nyama ya kuku au ya kibua isiyo na miiba iingie, ichanganywe na ute mweupe wa yai uliochemshwa, ambao una protini nzuri na fosforasi kidogo. Siku alizogoma kabisa, Bibi alisaga dagaa wawili akanyunyizia juu. Nilijua, na sikumgombeza.

Kalenda ya Agosti ilijaa vema. Uzito ulipanda hadi 2.8. Alirudi kwenye kiti. Kuna daktari mwenzangu aliniambia nimewapa watu matumaini ya uongo, na hapo sikubaliani naye. Mwezi ule haukuwa wa uongo. Paka alikula, akajilamba, akalala juani kwenye ukuta wa matumbawe. Uongo ungekuwa kuwaambia kwamba utaendelea.

Mgogoro wa Septemba

Mikato ilianza kidogo kidogo, kwanza ule wa kujilamba. Kisha asubuhi moja kijana alinitumia picha: Kitenge amesimama kichwa kimeinama, kidevu karibu kifuani, hawezi kukiinua. Paka akikosa potasiamu misuli ya shingo hulegea namna hiyo. Tulimwongezea, shingo ikainuka, lakini damu ilisema mengine: kreatinini 720 licha ya dripu, chembe nyekundu asilimia 15. Uzito 2.3. Safari hii haikuwa kiu.

Mjomba alikataa. Alikuwa na video aliyotumiwa, sekunde kadhaa za Kitenge akilamba mchuzi, na kwa video hiyo paka alikuwa anaendelea. Nafikiri wengi wetu tuna ndugu wa namna hii, na si mtu mbaya. Anapenda kutoka mbali, na kutoka mbali unaona kile unachotumiwa. Nilimwomba kijana apige picha ya kalenda nzima amtumie mjomba wake. Hakuna maneno yangu yaliyofanya kazi kama ukurasa ule wa mikato. Baada ya kimya aliniuliza, "Na Mama mwenyewe anasemaje?" Lilikuwa swali la kwanza lililohusu watu waliokuwa wanaamka usiku.

Bibi alikuwa na shaka nyingine, kubwa kuliko za mjomba. Je, inajuzu? Anaifahamu hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na hakutaka kukutana na swali kama hilo kaburini. Mimi si wa kujibu hayo, nikamwambia amuulize ustadhi wake, na kwamba nitakuwepo kama anahitaji maelezo ya kitabibu. Ustadhi aliniuliza mawili tu: kuna tiba iliyobaki yenye matumaini? Na mnyama anaumia? Nikajibu hapana, na ndiyo. Akamweleza Bibi kwamba wanazuoni wanatofautiana, wako wanaosema aachwe mpaka siku yake ifike akihudumiwa vizuri, na wako wanaoruhusu kumpumzisha mnyama anayeteseka bila faida, ila atakayefanya afanye kwa wema, kama tulivyoamriwa kunoa kisu tunapochinja ili mnyama asiteswe. Hakumchagulia. Niliipenda busara hiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini hakuna sheria inayoweza kukaa na mwanamke barazani ikamwondolea shaka.

Njia zote mbili nilikuwa tayari kuzisimamia. Kumwacha afe nyumbani nako ni kazi ya daktari: dripu zinasimama, dawa ya kichefuchefu na ya maumivu iliyo salama kwa paka zinaendelea, mdomo unalowanishwa, anageuzwa. Nilimwambia Bibi ukweli kuhusu kifo cha figo. Kwa kawaida si cha ghafla, huweza kuchukua siku kadhaa, na mwisho wake huweza kuwa degedege. Sikumwambia ili kumsukuma. Asingejua hilo, asingekuwa anachagua.

Kilichoamua ni ule mstari wa tatu wa makubaliano. Kijana alipoingia na mfuko, Kitenge, ambaye hakuwa na nguvu za kupanda kiti, alijivuta chini ya kitanda. Bibi akasema, "Basi mwanangu, weka chini." Hakuna aliyebishana.

Nilikwenda kesho yake baada ya alasiri. Kwanza sindano ya usingizi mzito, ambayo huingia taratibu wakati paka amepakatwa, na nilihakikisha kope haziitiki kabla ya dawa ya pili ya mshipani. Wenzangu wa wilayani mnajua dawa ya mwisho iliyo sahihi huadimika huku, na najua yanayofanywa inapokosekana. Chochote kinachotumika, mnyama awe hana fahamu kabisa kwanza. Kuchoma potasiamu kwa paka aliye macho ni mateso, hata kama ni haraka. Alizikwa nyuma ya nyumba, shimo refu ili mbwa wasifukue. Masindano yote kijana aliyafunga kwenye chupa ngumu nikaondoka nayo.

Mjomba alipiga simu baadaye akiwa na swali la haki: angeletwa Dar mapema, angepona? Nilimjibu hapana kwa Julai; miaka miwili au mitatu kabla ya Julai, labda angepata muda zaidi. Figo za paka hupoteza kama theluthi mbili ya uwezo wake kabla mkojo haujawa mwepesi, na karibu robo tatu kabla kreatinini haijapanda. Aliyefika na kilo 2.6 alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Kilichoweza kumnunulia muda ni mtu kugundua kilo ya 3.8 ikiwa 3.4, kupima mkojo wake na kupunguza dagaa wakati huo.

Bibi bado ana paka mwingine, dume la miaka minane, na kijana anampima kila baada ya miezi sita. Mizani ya kupimia korosho haifai, haioni gramu mia mbili. Wanatumia ya jikoni, na beseni juu yake, wakitoa uzito wa beseni.